Kamba ya Kweli: Habari za Wonder Woman na Watu Waliomtunga

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo moja kwa sehemu ya Kiswahili. Nimekubali upesi, kwa kuwa nina deni la zamani shuleni hapa. Deni lenyewe ni jawabu lisilo la kweli nililolitoa mbele ya darasa zima mwaka wa 1967, nami wakati ule nikiamini kabisa kuwa ni kweli.

Mjomba wangu alikuwa mtu wa reli. Safari moja alirudi kutoka Mombasa na kitabu cha picha cha Kimarekani, kikuukuu, kisicho na jalada, akanipa, nami nikaja nacho shuleni muhula ulipofunguliwa. Ndani yake alikuwamo mwanamke mwenye taji kichwani na bangili pana mikononi. Adui wakimpiga risasi huzikinga kwa bangili zile, nazo zikamwagika chini kama punje za mahindi. Kitabu kilizunguka bweni zima. Siku ya nne mwalimu mmoja akakiona juu ya magoti yangu wakati wa kipindi chake. Hakunipiga. Alikifunua, akasoma kidogo, akaniuliza, "Nani aliyetunga hadithi hii?" Nilikuwa nikitetemeka mwili mzima, jasho linanitoka. Nikakumbuka jina lililochapwa ukurasa wa kwanza, nikajibu, "Charles Moulton, bwana." Akasema, "Vema. Basi tafuta habari za Bwana Moulton, siku moja uje utufundishe." Akakitia mkobani, somo likaendelea.

Habari za Bwana Moulton sikuzipata, maana hakuwapo. Ilinichukua miaka mingi kufahamu jambo hilo. Kwa hiyo somo nililoagizwa nalitoa leo, ingawa nimechelewa kidogo.

Nianze na hadithi yenyewe kwa ajili ya wale wasioijua. Wonder Woman, yaani Mwanamke wa Ajabu, alitokea mara ya kwanza katika All Star Comics namba 8, lililoanza kuuzwa Marekani mwezi wa Oktoba 1941. Asili yake imechukuliwa katika hadithi za Wayunani wa kale juu ya Waamazoni, kabila la wanawake wapiganaji waliosemekana kukaa karibu na Bahari Nyeusi, upande ambao leo ni nchi ya Uturuki. Wayunani walisimulia kwamba Herakle, shujaa wao mwenye nguvu kupita watu wote, alitumwa kwenda kuutwaa mshipi wa Hipolita, malkia wa Waamazoni. Katika masimulizi ya Wayunani shujaa ni Herakle, na malkia ni mtu wa kushindwa tu.

Mtungaji wa Kimarekani aliigeuza hadithi hiyo upande wa pili. Yeye alisema kwamba Hipolita alimshinda Herakle katika vita vya haki, na kwamba mshipi ulipatikana kwa hila. Alipokwisha kuupata, Herakle na watu wake waliwafunga Waamazoni minyororo wakawafanya watumwa. Wakamlilia Afrodita, mungu wao wa mapendo, naye akawafungua kwa sharti moja: wavae bangili siku zote, ziwe ukumbusho wa pingu zile na wa ujinga wa kujitia chini ya mikono ya wanaume. Kisha wakavuka bahari mpaka kisiwa kisichokanyagwa na mwanamume, kilichoitwa Kisiwa cha Peponi. Huko malkia akafinyanga mtoto kwa udongo, Afrodita akampa uhai, akaitwa Diana.

Siku moja ndege ya askari wa Kimarekani, jina lake Steve Trevor, ikaanguka kisiwani. Diana akamuuguza, akampenda. Ikaamuliwa kwamba Mwamazoni mmoja amrudishe kwao na kusaidia katika vita, na atakayekwenda achaguliwe kwa mashindano. Malkia akamkataza binti yake kushindana. Diana akajifunika uso, akashindana hivyo hivyo, akashinda. Na shindano la mwisho ndilo lile la kukinga risasi kwa bangili. Alipofika Marekani alimkuta muuguzi mmoja, naye jina lake Diana, akilia kwa kuwa hana fedha za kumfuata mchumba wake Amerika ya Kusini. Akampa fedha, akachukua jina lake na kazi yake, akaitwa Diana Prince. Napenda sana kipande hiki. Binti mfalme anaingia mjini kwa kununua cheti cha mtu aliyeishiwa nauli!

Sasa tuzitazame bangili, kwa maana hadithi nzima imefungwa hapo. Zina sheria mbili. Mwanamume akiziunganisha kwa mnyororo, nguvu zote za Mwamazoni humtoka, akawa kama mtu mwingine ye yote. Lakini zikivuliwa kabisa, hasira humpanda akavunja na kuharibu pasipo kipimo. Kwa hiyo bangili ni ukumbusho wa utumwa, tena ndiyo breki ya nguvu. Hapa mtungaji alikuwa na fikira zake, naye hakuzificha: alitaka kuwafundisha watoto kwamba nguvu inayofaa ni ile inayokubali kutawaliwa na upendo. Mimi naona alilipigia jambo hilo ngoma mno. Katika vitabu vya miaka ya kwanza hakuna ukurasa wa tatu au wa nne usio na mtu aliyefungwa kamba. Hata wakati ule watu walinung'unika. Bibi Josette Frank, mmoja wa washauri wa kampuni, alimwandikia mchapishaji mwaka wa 1943 akiilalamikia minyororo ile, na sidhani kama alikosea.

Silaha yake ya pili ilikuja baadaye kidogo, mwaka wa 1942, nayo ni kamba ya dhahabu yenye kitanzi, iliyofanywa kwa pete za mshipi wa Hipolita. Hapo mwanzo aliyefungwa kwa kamba hiyo alilazimika kutii lo lote aliloambiwa. Kwa kuwa amri iliyotolewa mara nyingi ilikuwa "Sema kweli," kamba ikaja kujulikana kwa kazi hiyo moja.

Mbona mtu atunge kamba ya namna hiyo? Hapo ndipo tunapokutana na mtu aliyejificha nyuma ya jina la Charles Moulton. Jina lake la haki lilikuwa William Moulton Marston, aliyezaliwa mwaka wa 1893. Alisoma Harvard, akapata shahada ya sheria mwaka wa 1918 na shahada ya udaktari wa elimu ya nafsi mwaka wa 1921. Angali mwanafunzi, mwaka wa 1915, alianza kupima mwendo wa damu wa watu waliokuwa wakiulizwa maswali, akiwafunga mkononi ile tambara ya mpira ya kupimia presha, kama mnavyoona hospitalini. Alidai kwamba mtu akisema uongo presha hupanda. Wengine waliongeza vipimo vya pumzi na vya jasho, na kutokana na kazi hizo ikapatikana mashine ya kupima uongo.

Alitaka sana mahakama zikikubali kipimo chake. Kijana mmoja Mwafrika wa Marekani, James Frye, alishtakiwa mjini Washington kwa kuua. Alikuwa amekiri, kisha akayakana aliyoyakiri. Marston akampima, akasema kijana huyu anasema kweli. Hakimu alikataa kuusikia ushahidi huo, na mwaka wa 1923 mahakama ya rufani ikamwunga mkono: ilisema kwamba elimu mpya haiwezi kuingizwa mahakamani kabla haijakubaliwa na wataalamu wa kazi hiyo kwa jumla. Hukumu hiyo fupi ilifuatwa na mahakama nyingi za Marekani kwa miaka 70, na Marston akawa maarufu katika vitabu vya sheria kwa kesi aliyoshindwa.

Mahakama iliona vema, kwa maoni yangu, na ushahidi wangu ni mimi mwenyewe. Siku ile ya 1967 kama mwalimu angalinifunga tambara ile mkononi, sindano ingaliruka, angalisema, "Mwongo huyu!" Lakini mimi nilikuwa nikiogopa tu. Mashine hupima woga, na woga si uongo. Tena hata kamba ya dhahabu isingalisaidia: kama Wonder Woman mwenyewe angalinitia kitanzini, ningalisema kwa moyo mweupe, "Charles Moulton, bwana." Kamba hutoa kile mtu anachokiamini, kama amedanganywa, hutoa udanganyifu ule ule.

Tena katika nyumba ya mtu huyu wa kipimo cha kweli kulikuwa na siri kubwa. Mkewe, Elizabeth Holloway, alikuwa na shahada ya sheria, na katika majaribio ya mumewe alifanya kazi kubwa. Miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa na mshahara wa kutegemewa nyumbani, akifanya kazi katika kampuni kubwa ya bima New York. Jamaa wasimulia kwamba Marston alipofikiri kutunga shujaa mpya, Elizabeth ndiye aliyemwambia, "Vema, lakini awe mwanamke." Pamoja nao alikaa mwanamke wa pili, Olive Byrne, aliyekuwa zamani mwanafunzi wa Marston. Kila mmoja wa wanawake hao alimzalia watoto wawili, wote wakalelewa pamoja. Katika nchi ile jambo hilo lilikuwa aibu, basi walimwengu waliambiwa kwamba Olive ni mjane tu wa jamaa, na watoto wake wenyewe hawakuambiwa baba yao ni nani mpaka walipokuwa watu wazima.

Olive hakuwa mtu wa ukoo mdogo. Mama yake, Ethel Byrne, na mama yake mkubwa, Margaret Sanger, walifungua kliniki Brooklyn mwaka wa 1916 kuwafundisha wanawake jinsi ya kupanga uzazi, jambo lililokatazwa na sheria. Ethel alitiwa gerezani mwaka wa 1917, akagoma kula mpaka watu wakadhani atakufa. Na Olive alikuwa akivaa bangili mbili nzito, moja kila mkono. Hizo ndizo mnazoziona mikononi mwa Diana.

Kuna jambo jingine nililolicheka niliposikia mara ya kwanza. Mwaka wa 1940 Olive aliandika katika gazeti la Family Circle mazungumzo yake na Dokta Marston juu ya faida ya vitabu vya picha. Alitumia jina la Olive Richard, akaandika kana kwamba ni mgeni aliyepiga hodi nyumbani kwa profesa kumwuliza maswali. Kumbe nyumba ni yake. Mchapishaji Max Gaines aliyasoma mazungumzo hayo, akamwajiri Marston kuwa mshauri wake. Wonder Woman alitoka katika ajira hiyo. Picha zilichorwa na mzee Harry G. Peter, aliyekuwa na umri wa miaka 60 hivi alipoanza.

Je, watoto walimpokea? Mwaka wa 1942 kampuni iliwauliza wasomaji wake kama Wonder Woman, ingawa ni mwanamke, akubaliwe kuingia katika Justice Society, yaani chama cha mashujaa. Katika karatasi 1,801 za kwanza kurudi, wavulana 1,265 na wasichana 333 walisema ndiyo. Wavulana 197 na wasichana 6 walisema la. Nawaomba vijana wa chama chetu cha mdahalo waitazame hesabu hiyo, kwa kuwa nimesikia wakisema kwamba hadithi za mashujaa wa kike ni za kusomwa na wasichana. Basi akaingia. Na alipoingia akapewa kazi gani? Ukarani! Katika hadithi za chama kile, zilizoandikwa na mtu mwingine, Gardner Fox, wanaume walikwenda vitani, na yeye aliyekuwa na nguvu kuliko karibu wote akabaki kuandika kumbukumbu za mkutano.

Katika kitabu chake mwenyewe, kilichoanza mwaka ule ule wa 1942, mambo yalikuwa mengine. Kila toleo lilikuwa na kurasa za historia ya wanawake waliopata kuishi kweli, chini ya usimamizi wa Alice Marble, bingwa wa tenisi. Wa kwanza alikuwa Florence Nightingale. Baadaye alikuja Sojourner Truth, mwanamke aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la New York, akajitoa utumwani mwaka wa 1826, kisha akaenda mahakamani kumdai mwanawe aliyeuzwa Alabama, akampata. Hizo ndizo kurasa ambazo ningalitaka mwalimu wetu azione.

Mwaka wa 1944 Marston alishikwa na polio. Kabla ya hapo alikuwa amemwajiri msichana mmoja, Joye Hummel, aliyekuwa mwanafunzi wake katika chuo cha makarani. Mwanzo alikuwa wa kupiga taipu. Kisha akaanza kutunga, na Marston alipokuwa hawezi kuinuka Joye alitunga hadithi nzima nzima, akipeleka New York, mhariri akizipokea, mzee Peter akizichora. Alitunga zaidi ya 70, naye alikuwa na umri wa miaka 20 na kitu. Kila moja ilichapwa na jina la Charles Moulton. Marston akafa Mei 1947, na Joye, aliyekwisha kuolewa, akaiacha kazi mwaka ule.

Kuanzia hapo naona kama mtu ameziunganisha bangili kwa mnyororo. Kitabu kilitiwa mikononi mwa Robert Kanigher, naye alikiandika kwa miaka 20. Zile kurasa za wanawake wa historia zikaondolewa, mahali pake pakawekwa kurasa juu ya desturi za arusi. Diana akawa mtu wa kufuatwafuatwa na wachumba, mmoja nusu samaki, mwingine nusu ndege. Ikazidi kutatanisha pale alipotokea kwa umri mbalimbali katika hadithi moja, yeye mtu mzima, yeye msichana, na yeye mtoto mdogo. Hata waandishi wa kampuni walipotea: mwaka wa 1965 mmoja wao alimchukua yule msichana akamtia katika kundi la vijana mashujaa kana kwamba ni mtu mbali, na tangu hapo ikabidi atungiwe ukoo wake. Nataja hayo kwa sababu katika kitabu changu kisicho na jalada alikuwamo msichana huyo na yule mtoto. Basi kilikuwa cha miaka ya 1960, kazi ya Kanigher, kilichochorwa na Ross Andru na Mike Esposito. Nilipomjibu mwalimu mwaka wa 1967, Marston alikuwa kaburini miaka 20, na jina lake la kubuni lingali likichapwa.

Mwaka wa 1968 kampuni ikamvua Diana nguvu zote, ikampa duka la nguo. Nguvu zilirudishwa mwaka wa 1973, baada ya wanawake wa gazeti la Ms., wakiongozwa na Gloria Steinem, kumweka juu ya jalada la toleo la Julai 1972 akiwa na mavazi yake ya zamani. Katika kitabu hicho cha 1973 akatokea ndugu yake mweusi, Nubia, aliyefinyangwa kwa udongo mweusi, na jina lake ni la nchi ile iliyo kando ya mto Nile wetu, kaskazini. Alifichwa miaka mingi na waandishi wasiojua wamfanyie nini. Mwaka wa 2021 akatawazwa malkia wa Waamazoni. Filamu za televisheni za Lynda Carter (1975 mpaka 1979) na sinema ya 2017 iliyoongozwa na Patty Jenkins mnazijua, sina haja ya kuzieleza. Wengi hawajui, hata hivyo, kwamba Oktoba 2016 Umoja wa Mataifa ulimfanya Wonder Woman balozi wa heshima wa wanawake na wasichana, na ikafika Desemba ubalozi ukakoma. Watu karibu 45,000 walikuwa wametia sahihi kuupinga, wakisema kwamba wako wanawake wenye mwili na damu wa kupewa kazi hiyo.

Jina la Joye Hummel halikujulikana na wasomaji mpaka wanahistoria walipoanza kuuliza maswali katika karne hii. Mwaka wa 2018, akiwa na umri wa miaka 94, alikwenda San Diego kwenye mkutano mkubwa wa watu wa katuni, akapewa tuzo ya Bill Finger, wapewayo waandishi ambao kazi yao haikutambuliwa. Alikufa Aprili 2021, alipokwisha kutimiza miaka 97.

Kitabu changu sikurudishiwa. Mwalimu aliondoka shuleni mwisho wa mwaka ule, na yasemekana kabati lake la vitabu liligawiwa mabweni. Kama yuko mwenzangu wa darasa lile aliyekiona baadaye, kisicho na jalada, chenye doa la mafuta ya taa ukurasa wa nyuma, na aniandikie kwa anwani ya mhariri.